Kiti cha Tatu Kutoka Mlangoni

Shati lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na kila asubuhi lilipigwa pasi kama linakwenda kuapishwa. Dobi alianza na kola, akaja mabegani, akashuka mgongoni, halafu akainua pasi ya mkaa na kuipulizia ili makaa yasilale. Alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu tangu alipomaliza shule ya msingi, na mikono yake ilikwisha kujua nguo ya mtu mwenye haraka, nguo ya mtu mwenye majivuno, na nguo ambayo mwenyewe analala nayo. Katika nguo zote hizo, iliyomtia hofu ni hiyo moja ya kaka yake, kwa sababu hiyo ilikuwa na mkaguzi.

"Hapo begani pana mkunjo," mama alisema.

"Ataning'iniza mkoba juu yake, mama. Nani ataona?"

"Mkoba utavuliwa, mkunjo utabaki. Mtu wa ofisi hatoki na mkunjo."

Kaka yake hakuwa mtu wa ofisi. Alikuwa akienda kituoni, jengo fupi lililo nyuma ya karakana ya magari, ambako watu wazima ishirini na wawili waliowahi kuugua akili walikutana siku tano za wiki. Walikaa kwenye viti vilivyopangwa duara, wakazungumza, wakapika chai kwa zamu, wakajifunza upya mambo ambayo ugonjwa ulikuwa umewapokonya, kama kulala, kula kwa wakati, na kumaliza sentensi waliyoianza. Aliyemfanya mwajiriwa ni mama. Siku moja jirani aliuliza kijana anakwenda wapi kila asubuhi amechomekea hivi, mama akajibu, "Kazini," neno likamtoka kama chafya, na chafya haina namna ya kurudishwa puani. Mwezi haukuisha, mtaa mzima ukawa unamwita Bosi, na yeye mama akawa Mama Bosi. Tangu hapo kwenye shughuli za watu alitolewa kiti chenye mgongo, akasalimiwa kwa mikono miwili.

Cha ajabu, Bosi mwenyewe hakuwahi kusema uongo hata mmoja. Hakuuweza. Zamani, kabla ya kuugua, alikuwa karani wa bohari, na kazi ile ilimwachia tabia ya kusema kitu kilivyo na kilipo.

"Hali ya hewa?" Dobi alimuuliza akimkabidhi shati.

"Mawingu mepesi. Yatafunguka kabla ya saa nne."

Hivyo ndivyo walivyoulizana kule kituoni. Ukimuuliza mtu habari zake atasema nzuri hata kama anazama. Ukimuuliza hali ya hewa ya moyoni mwake, atakuambia. Mama Redio wa nyumba ya pili aliwahi kumsikia dirishani akisema "mvua kubwa," akakimbia kuanua nguo zake kambani. Mchana mvua ikanyesha kweli. Tangu siku hiyo heshima ya Bosi ilipanda daraja nyingine.

Jina hilo la Mama Redio alipewa na mtaa, kwa haki. Asubuhi hiyo alikuwa bombani na ndoo mbili, na taarifa ya habari ilikuwa imekwisha kuanza.

"Bosi! Bosi wetu! Umependeza mpaka macho yanauma. Hivi huko kwenu hakuna nafasi?"

"Zimejaa, mama," alijibu akisimama kwa adabu. "Kuna orodha ya kusubiri."

"Hee! Wangapi?"

"Kumi na wanne."

"Na mtu anaingiaje?"

"Kwa barua ya daktari."

Mama Redio akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wanapima mpaka afya! Siyo hizo zenu za kuingia kwa mgongo wa mjomba." Akamrudia Bosi. "Na wakubwa wenu wakali?"

"Si wakali. Ila usipoonekana siku mbili, wanakuja nyumbani kukutazama."

"Mungu wangu, wanavyojali wafanyakazi!"

Mwenye Mkaa, aliyekuwa amekaa ukutani na magunia yake, aliguna. "Mwambie mume wangu ahamie huko. Yeye lindo lake la usiku, akirudi saa hizi hata jina langu hakumbuki." Wote wakacheka. Dobi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka kidogo tu. Alimwona kaka yake akipinda kona na mkoba wake wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya maji, kandambili, na kijaluba cha vidonge chenye vyumba saba.

*

Barua ililetwa Jumatatu na Bosi mwenyewe, akaiweka mezani sawasawa na ukingo wa meza.

"Ijumaa saa nne," alisema. "Mshauri anakuja kuona ninavyoishi. Safari hii hawataahirisha."

Kituo kilikuwa na utaratibu huo. Kila mwanachama alipaswa kutembelewa nyumbani, waone analala wapi, dawa anaziweka wapi, nani yuko naye. Ziara hiyo ikishindikana mara tatu, kiti chake kinapewa wa kwanza kwenye orodha. Mara ya kwanza mama alisema anasafiri. Mara ya pili alisema amefiwa na kaka yake, na ni kweli alifiwa, ila kaka huyo alikufa kabla Dobi hajazaliwa.

"Waambie waje kwa miguu," mama alisema.

"Wanakuja na gari, mama. Wanatembelea nyumba tano kwa siku."

"Hilo gari nimeliona mimi. Lina maandishi ubavuni makubwa hata kipofu atayasikia. Afya ya akili, afya ya akili, mtaa mzima! Likisimama hapa mlangoni, nitatazama wapi?"

"Utatazama mbele," Bosi alisema bila utani wowote, akaenda kubadilisha shati.

Dobi aligeuka kulitazama kabati la jikoni. Lilikuwa na mlango mmoja. Mwaka uliopita kituo kilifungwa wiki tatu wakiezeka paa. Wiki ya kwanza Bosi alikaa vizuri. Ya pili akaacha kulala. Ya tatu akabomoa kabati ubao kwa ubao, akimtafuta mtu aliyekuwa akipiga mluzi ndani. Kituo kilipofunguliwa alirudi kwenye kiti chake, na mluzi ukapungua siku hadi siku mpaka ukakata. Kabati alilijenga upya mwenyewe, ila mlango wa pili ulikuwa umevunjika vibaya, haukutengenezeka.

"Mama," Dobi alisema taratibu, "akikosa kiti, tutarudi kule kule."

"Nani amesema atakikosa? Wanataka nyumba? Tutawapa nyumba."

Na mama akajifunga mtandio, akatoka kwenda kwa mdogo wake, mitaa sita kutoka pale.

*

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ya kutazamwa zaidi kuliko kukaliwa. Makochi yalikuwa bado yamevikwa nailoni za dukani, na kabati la vioo lilikuwa na glasi zenye maua ambazo hazijawahi kuonja maji. Alikubali kuwaazima nyumba kwa asubuhi moja, kwa masharti. Kochi kubwa lisikaliwe. Glasi zisiguswe. Viatu nje. Yeye mwenyewe atakuwepo, lakini kama mgeni aliyepita kusalimia.

"Nikiulizwa?" Bosi aliuliza njiani siku ya Ijumaa. Alikuwa amevaa shati jeupe, halina mkunjo hata mmoja.

"Usiseme kitu," mama alisema.

"Basi nitanyamaza."

"Ndiyo. Nyamaza. Kunyamaza hakujamuua mtu."

Saa nne kamili gari likasimama mlangoni, pale pale mama alipowaelekeza. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu visivyo na kisigino na faili kwapani. Alipiga hodi na kuvua viatu bila kuambiwa, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kochi kubwa. Nailoni ikalia. Mama mdogo akafumba macho kama aliyechomwa sindano.

"Nyumba nzuri sana," Mshauri alisema.

"Tunashukuru," mama alisema.

"Karibu sana," mama mdogo alisema wakati huo huo, halafu akakumbuka. "Yaani, na mimi nimekaribishwa. Mimi mgeni tu."

Mshauri alitabasamu, akamgeukia Bosi. Kituoni walizoeana, wakataniana kuhusu chai yake, ambayo wenzake waliiita chai ya nidhamu kwa jinsi alivyopima majani. "Haya, leo mimi ndiye mgeni wako. Niletee maji ya kunywa, halafu nitembeze."

Bosi alisimama. Alitazama milango mitatu iliyokuwa mbele yake, akafungua wa kwanza. Ulikuwa wa stoo. Ufagio ukamwangukia begani. Akaufunga. Akafungua wa pili, akakuta choo. Wa tatu ulikuwa wa jikoni, na kutoka sebuleni wote walimsikia akifungua kabati moja, jingine, jingine tena. Vikasikika vifuniko vya sufuria. Kikaanguka kijiko.

"La kushoto," mama mdogo alinong'ona akishika paja lake. "La kushoto, jamani, juu."

Alirudi na maji kwenye kikombe cha kupimia unga.

Mshauri alikunywa, akaandika. Chumbani alimuuliza analala upande upi wa kitanda. Kitanda kilikuwa na shuka la waridi lenye marinda, na juu ya meza ndogo lilisimama wigi la mama mdogo kwenye kichwa cha plastiki. Bosi alilitazama wigi, wigi likamtazama. Hakusema kitu. Aliulizwa dawa anaziweka wapi, na ingawa zilikuwa ndani ya mkoba aliokuwa ameushika, hakusema kitu, kwa sababu kusema dawa zinakaa mkobani kungekuwa uongo. Zinakaa nyumbani, juu ya rafu ya redio, na ile haikuwa nyumbani. Aliulizwa yule bwana mwenye masharubu kwenye picha ya ukutani ni nani. Hakumjua. Alikuwa baba mkwe wa mama mdogo.

"Unakumbuka umeishi hapa muda gani?" Mshauri aliuliza, sauti yake sasa imekuwa ndogo, ya kuongea na mgonjwa.

Bosi alimtazama mama yake. Alimtazama kwa subira, kama mtu anayeomba ruhusa ya kukohoa. Mama alikuwa akinyoosha kitambaa cha kochi ambacho hakikuwa na mkunjo.

Kalamu ya Mshauri ilikwenda mbio. Dobi alikuwa amesimama nyuma yake. Kusoma kwake hakukuwa kwa kasi, lakini maandishi yalikuwa makubwa. Hajui vyumba vya nyumba yake. Haongei. Hatambui ndugu. Amerudi nyuma.

"Mama," Mshauri alisema akifunga kalamu, "nasikitika. Kituoni anaonekana amepona kabisa, nyumbani ndiyo hivi. Ndiyo maana tunatembelea. Nitaandika arudi wodini wiki mbili, dozi ibadilishwe. Kiti chake tutampa mwingine kwa sasa, maana foleni ni ndefu. Unasemaje?"

Dobi alisubiri. Alijua mama atasema. Alimwona akifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Kama ninyi wataalamu mmeona hivyo..." mama alisema.

Bosi aliinama akatazama soksi zake.

"Hii si nyumba yetu," Dobi alisema.

Ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mama akageuka na macho ya moto, lakini mama mdogo, aliyekuwa amejizuia nusu saa nzima, alishindwa kabisa.

"Hasa! Si yao! Ni yangu mimi! Na maji hayanywewi kwenye kikombe cha unga, glasi ziko kabati la kushoto, na hilo kochi, dada yangu, naomba uinuke taratibu!"

Mshauri aliinuka taratibu, kama alivyoombwa. Alifungua faili, akaikata ile mistari minne kwa mstari mmoja mrefu, halafu akamtazama Bosi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama aliniomba nisiseme. Na wewe hukuniuliza kama hapa ni kwetu. Ungeuliza ningejibu."

"Ni kweli," Mshauri alisema baada ya kufikiri. "Sikuuliza." Akavaa viatu. "Basi twendeni kwenu. Saa hii hii. Nikirudi kituoni bila kuiona nyumba, leo ni mara ya tatu, na hapo hata mimi sitaweza kumtetea."

*

Mama alipanda kiti cha nyuma akajifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, kama bibi harusi anayepelekwa asikotaka. Dereva, kijana mwenye adabu, aliuliza kama apandishe vioo. "Pandisha," mama alisema, "na kama una pazia, funga pazia." Njia nzima hakumwangalia Dobi. Alisema mara moja tu, akiongea na dirisha, "Mtoto niliyemzaa mwenyewe." Dobi hakujua ni yupi kati yao wawili aliyekuwa akisemwa, akaona heri asiulize.

Gari likasimama mbele ya bomba, maana ndipo barabara ilipoishia. Ubavu wenye maandishi ulielekea watu. Bosi alishuka akamfungulia Mshauri mlango, akampokea faili, halafu akakumbuka kwamba faili ni la mwenyewe, akamrudishia.

Ndani ya nyumba yake alikuwa mtu mwingine, au tuseme alikuwa yule yule. Alileta maji kwenye glasi, na glasi kwenye kisahani. Alionyesha kitanda chake, upande wa dirishani, na kwa nini upande huo. Alionyesha rafu ya redio na kalenda yenye alama ya kila kidonge, asubuhi na jioni, miezi kumi na moja bila kukosa. Alionyesha kabati la mlango mmoja. "Hili nililivunja mimi," alisema, "wakati ule mlipofunga. Na hili nililijenga mimi." Mshauri aliugusa ubao wake, akaandika. Safari hii aliandika pole pole, na Dobi akaona maneno yamekaa vizuri kwenye mistari. Mwisho aligonga muhuri na kumpa Bosi mkono.

"Kiti ni chako. Jumatatu zamu ya chai ni yako pia, na wenzako wameomba upunguze nidhamu."

Mama hakuona hata moja ya hayo. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la sebuleni akisikiliza nje, akisubiri kuanguka. Na nje Mama Redio alikuwa akisoma ubavu wa gari kwa sauti, silabi kwa silabi.

"Kituo cha... Afya ya... Akili... na Ustawi." Akavuta pumzi. Mama akashika ukuta. "Jamani! Gari la ofisi! Ofisi imemletea Bosi gari mpaka mlangoni! Na dereva! Na yule mama mwenye faili, katibu wake, mmeona alivyofunguliwa mlango? Huyo ndiye mkubwa mwenye utu, anamfungulia mlango katibu! Afya ya akili nzima iko mikononi mwake, na sisi tunamsalimia hapa kama mtu wa kawaida!"

Dobi alimtazama mama. Rangi ilimrudia kuanzia shingoni. Mtandio ulishuka kutoka kwenye nyusi ukaja kukaa mabegani ulipozoea. Mama alifungua mlango, akatoka barazani, akasimama wima.

"Kazi zimezidi siku hizi," alisema akihema kidogo, kama aliyechoshwa na ukubwa. "Mpaka wanamfuata nyumbani."

*

Alasiri hiyo, wakati mama amekaa kwenye kiti chenye mgongo akijipepea, ilisikika hodi ya mlango wa nyuma. Ilikuwa ndogo mno, Dobi alidhani ni ya mtoto. Alikuwa Mama Redio. Sauti yake aliiacha nyumbani.

"Namtaka Bosi," alisema. "Kama hajachoka."

Hakukaa alipokaribishwa. Alishika nguzo ya mlango wa jikoni, akaongea akitazama sakafu. Binti yake, ambaye yeye mwenyewe aliutangazia mtaa kwamba amekwenda kukaa kwa ndugu mbali, hakuwa amekwenda popote. Alikuwa chumbani mwezi wa nne sasa. Haogi mpaka alazimishwe. Hali mpaka abembelezwe. Redio ya ile nyumba, ambayo mtaa ulilalamika inapigwa juu sana, ilipigwa juu ili asisikike akilia.

"Leo nimesoma kwenye gari ni ofisi ya nini," alisema. "Nikasema, kumbe mwenye ofisi ninapishana naye bombani kila siku. Hata kama orodha ni ndefu, wewe ni mkubwa pale. Neno lako moja tu, Bosi. Mwingize mwanangu."

Nyuma yake mama alikuwa amesimama, akimpa Bosi ishara zote alizojaliwa. Alitikisa kichwa. Alikunja midomo. Aliweka kidole juu yake. Bosi aliziona. Alimtazama mama yake, halafu akamtazama Mama Redio, na safari hii hakuomba ruhusa.

"Mama, mimi si mkubwa pale. Mimi ni mgonjwa pale. Kiti changu ni cha tatu kutoka mlangoni."

Mama Redio alimtazama kutoka kola mpaka mkanda. "Na hilo shati?"

"Analipiga pasi mdogo wangu."

"Ulikuwa... kama yeye?"

"Zaidi. Lile kabati nililivunja mimi."

Akalitazama kabati kwa muda mrefu. Alipoongea tena aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia. "Na sasa unalala?"

"Nalala. Kwa muda wa saa saba, wakati mwingine nane. Apelekwe kwanza kwa daktari, aandikiwe barua. Akipewa kiti, siku ya kwanza hawatamlazimisha kuongea. Mimi nilinyamaza siku tisa, wakanipa chai tu. Nitamsindikiza."

Mama Redio aliondoka bila kuaga. Mama akaketi akashika tama.

"Umetumaliza," alisema. "Umempa taarifa ya habari ya mwaka mzima, bure, mkononi. Kesho asubuhi nitakwenda kuteka maji na ndoo kichwani, watu watanipisha kama nina ndui."

"Ndoo huwa nateka mimi, mama," Dobi alisema.

"Basi watakupisha wewe."

Kesho yake Dobi alikwenda bombani na moyo juu. Mama Redio alikuwepo. Alizungumzia paa la jirani linalovuja na mbwa aliyepotea. Siku ya pili akazungumzia mbwa aliyepatikana. Wiki ikapita, ikafuata nyingine na nyingine, na mama akawa mtu wa kusikiliza ukutani, akikonda kwa habari isiyosomwa.

*

Wiki ya sita, asubuhi, Mama Redio alikuja kwa Dobi na blauzi ya samawati imekunjwa mkononi.

"Nipigie pasi," alisema. "Kola uikaze. Mwanangu amerudi kutoka kwa ndugu zake, na leo anaanza kazi." Alinyanyua sauti ili ivuke ukuta mpaka bombani. "Kule kule kwa Bosi! Ofisi moja! Barua ya daktari walimdai, orodha walimweka, lakini leo amepata kiti!"

Macho yao yakakutana juu ya pasi. Mama Redio hakukonyeza, hakutabasamu, wala hakuomba kitu. Dobi aliinamisha kichwa akaanza na kola.

"Mabega pia?" aliuliza.

"Mabega pia. Wanasema kule wanaangalia sana mikunjo."

Binti alitoka amevaa, mwembamba ndani ya blauzi iliyonyooka, akikunja macho kwa jua. Bosi alikuwa akimsubiri karibu na bomba na mkoba wake.

"Hali ya hewa?" alimuuliza.

Binti alifikiri sana. "Ukungu," alisema. "Sioni mbele."

"Ukungu unaruhusiwa. Tembea upande wangu wa kulia, barabarani kuna mashimo."

Wakaondoka, nyeupe na samawati, wote wawili wamenyooka. Wanawake waliokuwa bombani waliwatazama mpaka kona. Mmoja alisema, ama kweli mitaa mingine ina bahati. Mama Redio akapaza sauti, "Msichelewe kazini!" halafu akainama kuosha ndoo iliyokuwa safi, akaiosha muda mrefu.

Mama alikuwa ameyaona yote akiwa mlangoni. Alisimama na mkono shavuni. Mwenye Mkaa aliacha magunia yake, akamsogelea akijifuta mikono kwenye kanga yake iliyochakaa, akatazama huku na huku.

"Mama Bosi," alisema, "hivi huko ofisini kwa mwanao nafasi zimekwisha kabisa? Si kwa ajili yangu. Ni mume wangu."

Dobi aliinua pasi hewani, akasubiri. Aliijua sauti ambayo mama angejibu nayo. Aliijua mpaka jinsi shingo itakavyorefuka.

"Kuna orodha ya kusubiri," mama alisema kwa sauti ile ile ya barazani. Halafu akamtazama Mwenye Mkaa usoni, akaona alichokiona. Akateremka ngazi moja, ya pili, mpaka wakawa sawa kwa kimo, akaushika mkono wake mweusi kwa masizi.

"Huyo mume wako wa lindo," aliuliza taratibu. "Analala?"